Mpaka Jengo Liwe Zito

Sisi wafunga nondo tulijua mambo ya Fundi Pampu kabla hata mwenyewe hajayajua. Macho hayana pazia.

Shimo la msingi lilikuwa limepita kina cha visima vya mtaa, na pampu zilipoanza kunyonya, kisima cha jirani yetu, mjane mfua nguo, kikakauka. Alikuja amejifunga kibwebwe.

"Nani kanimalizia maji yangu?"

Fundi akavuta mpira mmoja wa maji ya shimoni, akaupitisha juu ya ukuta hadi kwenye mapipa yake. Toka hapo, kila saa nne asubuhi alikuwa pale ukutani, eti anakagua kama maji hayana mchanga. Mwanamume akawa ananyoa ndevu kila siku kwa ajili ya mchanga!

Sasa, pampu hazizimwi ovyo. Jengo likiwa bado jepesi, maji ya chini huliinua kama sufuria tupu ndani ya karai la maji. Injinia alisema zege la ghorofa ya nne likikauka, zimeni. Sisi tukawa tunapanda tukiimba, Fundi anahesabu ghorofa huku amenuna.

"Shemeji yetu wa ng'ambo ya ukuta umemwambia?" tukamuuliza.

"Nimwambieje na makelele haya ya pampu? Nipige kelele mtaa mzima usikie?"

"Mtaa mzima unajua, kaka. Bado nyinyi wawili tu."

Ghorofa ya nne ikakauka, pampu zikazimwa. Siku ya tatu likaja lori la kumpeleka Fundi kwenye shimo jingine, mji wa mbali. Akakunja mpira, akaukunjua, akaukunja tena. Ng'ambo ya ukuta ndoo ikapiga maji kisimani, chubwi. Kisingizio kimekwisha.

Tukamsukuma. Akazunguka hadi mlango wa mbele wa mjane. Mjane akatoka na povu hadi viwikoni.

"Maji yamerudi," Fundi akasema.

"Nimeyaona."

"Mimi naondoka. Nilitaka… basi tu, sikutaka kuondoka hivihivi."

Mjane akajipangusa mikono taratibu.

"Huko uendako, mnazima pampu lini?"

"Jengo likiwa zito. Ghorofa ya saba."

Akainua macho, akatukuta tumejipanga ukingoni mwa ghorofa ya kwanza kama kunguru.

"Na nyinyi mnaenda huko?"

"Mwezi ujao, shemeji!" Neno likamponyoka mmoja wetu.

Hakulikataa.

"Basi jengeni upesi," akasema.

Fundi alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya mipira yake, uso kaugeuzia mtaa hadi dereva alipokata kona.