Kadi ya Mwanawe Mama Zipu

Mama Zipu alikuwa akibadilisha zipu ya begi la shule pale msimamizi wa bandari alipobisha hodi na kumkabidhi mfuko wa nailoni wenye vitu vya mwanawe: kofia ngumu, funguo, na kadi ya usafiri yenye picha ya kijana aliyenuna kama aliyepigwa picha kwa lazima. Msimamizi alisema pole. Alisema pia kwamba kijana alisimama pasipopaswa, mzigo ukakatika kwenye winchi ukamwangukia, na uzembe hauna dawa. Mama Zipu alimpa kiti. Hakukaa, gari lilikuwa likimsubiri.

Baada ya mazishi, nyuzi za kushonea zilimwishia. Kadi yake mwenyewe haikuonekana, akachukua ya mwanawe, ingawa sheria inakataza. Alipoigusisha kwenye geti la kituo cha treni, geti halikutoa mlio wake. Lilisema kwa sauti ya mwanawe, "Mama kasahau tena kufunga dirisha la jikoni." Kisha likafunguka.

Mlinzi wa geti alimweleza kuwa mambo hayo hutokea, hasa kwa kadi za watu waliokufa ghafla. Geti hushika lile ambalo mtu alikuwa akiliwaza mara ya mwisho alipopita, na likishalitoa, halina jingine. Akamwomba asogee, watu wana haraka zao.

Mama Zipu hakwenda kununua nyuzi. Alirudi nyumbani, akalikuta dirisha la jikoni wazi, akalifunga. Kisha alibandika chai, akakaa sakafuni akalia mpaka jirani akaja kumzimia jiko.

Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameishi katika jiji hilo, na alichokijua ni nyumba yake, duka la nyuzi na zahanati. Mwanawe alikuwa akimwahidi kumtembeza. Kila wiki ilikuwa wiki ijayo, maana siku ya mapumziko ilimkuta hoi, analala na soksi. Sasa kijana alimtembeza, kwa kadi yake. Mama Zipu alipanda treni, mabasi na vivuko, akashuka kila mahali penye geti. Mageti ambayo kijana hakuwahi kuyapita yalimlilia kama yanavyomlilia mtu yeyote, naye alitoka hivyo hivyo, akatazama maghorofa ya vioo na meli zilizotia nanga, akarudi kupanda.

Kwenye gati la kivuko alisikia, "Mwavuli nimeuacha tena, kichwa maji mimi." Akacheka mbele za watu. Kituo cha sokoni kikasema, "Miguu ya mama imevimba siku hizi, nichukue namba kubwa kidogo." Viatu vyenyewe alikuwa amevivaa, na alipopewa alimnunia kijana kwamba vinampwaya.

Kaka yake alimshauri airudishe kadi.

"Dada, maji yakimwagika hayazoleki."

"Siyazoi," alijibu. "Naangalia yalikomwagikia."

Kituo kimoja cha kilimani kilisema, "Akinikataa leo, huku sirudi." Mbele ya mlango wa kituo palikuwa na duka moja tu, la kutoa nakala. Msichana wa dukani aliiona picha kwenye kadi, akaizima mashine karatasi ikiwa bado katikati. Mama Zipu alimweleza geti lilivyosema.

"Sikumkataa," alisema msichana. "Nilimwambia aje na mama yake."

"Basi nimekuja," alisema Mama Zipu.

Walikaa nyuma ya mashine wakashikana mikono. Msichana aliuliza ni kituo gani hakijasema. Kilikuwa kimebaki cha bandarini tu. Mama Zipu alikuwa akikikwepa, na alimwambia ukweli: kikishasema, hatamsikia tena mwanawe, na pengine kitasema kile kile alichosema msimamizi, kwamba kijana aliuawa na uzembe wake. Hilo asingeweza kuishi nalo. Msichana alilifunga duka wakaondoka pamoja.

Walifika bandarini zamu ikianza. Foleni ya kutoka kituoni ilikuwa ndefu, wafanyakazi wakiwa na kofia mkononi, na nyuma ya Mama Zipu na msichana alisimama msimamizi yule yule. Mama Zipu aliigusisha kadi.

"Waya wa winchi umechanika nyuzi," lilisema geti. "Leo namwambia tena msimamizi. Akitaka anifukuze."

Foleni nzima ilisikia. Msimamizi alitikisa kichwa kukubali, akasema sauti ni ya kijana, na kweli kijana alimwambia asubuhi ile ile ya ajali.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Mama Zipu.

"Kwamba meli haisubiri. Na kweli haisubiri, mama."

Alimpa pole nyingine, akampita kwa adabu, akaenda kazini. Msichana alikuwa akilia bila sauti. Mama Zipu aliigusisha kadi mara ya pili, na geti likatoa mlio wake wa kila siku.

Ng'ambo ya uzio winchi ile ile ilikuwa ikinyanyua kontena. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mwanamume mwenye mvi, kizibao chake bado kina mikunjo ya stoo. Mama Zipu alimuuliza anafanya kazi gani. Anafunga mizigo kwenye ndoano, alisema, nafasi ilikuwa wazi.

"Huo waya umechanika, baba."

"Najua, mama. Sote tunajua."

Akamwomba nafasi apite, asichelewe. Aligusisha kadi yake. Geti lililia, likakishika alichokuwa akikiwaza, likamfungulia.