Gazeti Ukutani kwa Alphonsine

Mimi sijui kusoma, lakini mdogo wangu Désiré anasoma kwa niaba ya ukoo mzima. Ndiye aliyeandika, mwaka ule wa 1956, katika gazeti la makarani wenzake, makala ya kuwaelekeza wageni wa Kisangani mahali pa kula. Alinisomea mwenyewe, amesimama katikati ya kibanda changu cha chakula, hapa Tshopo, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nami nifaidi:

“Kwa Madame Alphonsine, karibu na mto, iko liboke ya samaki ya kupita zote za muji. Lituma yake ya ndizi za kuponda iko laini. Mutu asipite bila kuonja.”

Nililia, sioni haya kusema. Désiré, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, nimemlea mimi tangu mama yetu afe. Alisoma misheni akishiba liboke, samaki niliowafunga kwenye majani na kuwachoma kwa mikono hii. Nikabandika gazeti ukutani kwa uji wa muhogo, nikawa namwonyesha kila aingiaye. Makarani walitazama, wakasema, “Ah, bien, Mama, bien,” wakainamia samaki wao. Nikadhani wananionea wivu.

Wiki ikapita. Akaja Pélagie, mwalimu mgeni kutoka Kindu, ambaye alikuwa hajajifunza adabu za mji wetu za kunyamaza. Nikamwonyesha ukuta. Akasoma, akaacha kutafuna.

“Mama, nani alikusomea hii?”

“Mudogo yangu. Yeye ndiye aliandika.”

“Bon. Jina yako haiko humu.”

Nikamwambia asome vizuri. Akasoma polepole, kidole kwenye mistari, akinitafsiria Kifaransa kile. Ilitajwa hoteli ya Wazungu, ukatajwa mkahawa wa Mgiriki mmoja. Halafu mwishoni:

“Mutu wa maendeleo aepuke vile vibanda vya mto Tshopo. Wanamuke wachafu wanafunga samaki mu majani, na watu wanakula na vidole. Ni haya kwa muji, afazali wavibomoe.”

Wanawake wachafu! Mikono iliyomwogesha! Siku saba nimewaonyesha watu tusi langu mwenyewe huku nacheka, na wale waliojua kusoma wakala, wakashiba, wakaniaga. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda akikupiga teke hakwambii amekubusu. Hata hivyo moyo wangu ulikuwa bado unamtetea: labda mwalimu huyu kakosea, labda kuna ukurasa mwingine.

Saa sita mchana Désiré akaingia, tai shingoni, akaketi mahali pake.

“Yaya, njaa inaniua. Leta liboke.”

“Kwanza nisomee tena ile ya ukuta. Mwalimu huyu iko mugeni, asikie.”

Alimtazama Pélagie. Akatazama gazeti. Wateja wote waliacha kula. Nilimwombea kimoyomoyo: sema ukweli, nikutukane, yaishe.

Akakohoa, akaanza. “Kwa Madame Alphonsine, karibu na mto…” Hakukwama hata neno moja. Liboke akaitaja, lituma akaitaja na ulaini wake. Alipomaliza akavuta kiti karibu na meza.

“Alors, Yaya, iko wapi?”

Maboke manne yalikuwa motoni, yananukia mbele ya macho yake.

“Samaki imeisha, monsieur.”

Alingoja nicheke, kama siku zote ninapomtania. Nikamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yake, nikamuuliza anakula nini.