Shuka la Wodi ya Sita

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa tatu na dakika kumi asubuhi, pale dobi wa hospitali aliposema "ndiyo" mahakamani. Kosa lenyewe ni shuka moja la wodi ya sita, limechanika katikati, lilikuwa linangoja kuchomwa moto. Alimzika nalo mkewe.

"Kubali tu, mzee," wakili wa kupewa bure alimnong'oneza, macho kwenye simu. "Leo leo unalala kwako."

Kweli alilala kwake. Wiki ya tatu barua ikaja: mgeni akikiri wizi hufutiwa kibali, aondoke ndani ya siku kumi na nne. Miaka ishirini na miwili aliwafulia damu na matapishi yao, hilo halikuandikwa. Wakubwa wana kalamu, pua hawana.

Alipofika uhamiaji kujieleza, alimkuta mkewe ameshakaa kwenye benchi, namba arobaini na moja mkononi, shuka mapajani, limekunjwa kona kwa kona kama mumewe alivyomfundisha. Kucha zake zilikuwa na udongo.

"Umekonda, mume wangu. Unakula kweli?"

"Nakula."

"Mwongo wewe."

Namba ilipoitwa walikwenda wote wawili. Mke aliweka shuka mezani.

"Shuka lenu hili. Limerudi."

Ofisa alihesabu matundu, akaligonga muhuri, akaandika hati ya kupokea. Kisha akatazama kompyuta.

"Mama, kibali chako ni kizima mpaka mwakani. Wewe huna tatizo."

"Mimi nimekufa tangu mwezi wa pili."

"Vifo ni dirisha la nne."

"Na huyu je?"

"Huyu alikiri. Shuka limerudi, sawa. Ile 'ndiyo' yake hairudi."

"Sikuambiwa kama itanifukuzisha," dobi alisema.

"Hukuuliza."

Alhamisi dobi alipanda basi la mpakani, kiti cha dirishani, cha pembeni yake kitupu. Shuka likafungiwa kabatini pamoja na faili, maana sasa ni kidhibiti cha kesi.

Mkewe bado huja pale kila asubuhi. Huchukua namba, huketi, hungoja zamu yake kama watu wengine. Akifika mbele, kabla ofisa hajaandika daftarini na kumwita anayefuata, huuliza neno lile lile:

"Sasa mimi kule chini nitajifunika nini?"