Kipanya Nyuma ya Pazia

Mila ni mila hata vitani: siku ya mahari binti haonekani mpaka aitwe. Basi Jemima alikaa chumbani, nyuma ya pazia, kibodi mapajani, maana katika nyumba nzima ya Papa Damien, Mnande kwa kabila, mwenye duka la jumla hapa Lubumbashi, ni yeye peke yake aliyeweza kuiendesha shughuli hii. Vita vilikuwa vimeiahirisha mara mbili. "Leo ao basi," baba yake alishasema. "Mbuzi baonekane."

Sebuleni, mbele ya baba na wazee, palikuwa na kompyuta mbili. Moja ilimwonyesha Bénit, mchumba wake, aliyekwama Goma tangu mji uanguke. Ya pili iliwaonyesha baba wadogo wa Bénit waliobaki Butembo, ambao ndio wa kuonyesha mbuzi wa mahari. Jemima alikuwa ameziunganisha na yake kwa programu moja tamu kweli: ukisukuma kipanya hadi ukingo wa skrini, kishale kinaruka ukuta na kutokea sebuleni, kwenye kompyuta ya Goma; ukisukuma tena, ya Butembo. Kibodi inakifuata kilipo. Miguu ilimcheza kwa furaha. Mahari yake, na usukani anao yeye!

Watu wa Butembo wakaomba kushauriana faragha. Kwa adabu Jemima akaizima spika yao, akasukuma kipanya kurudi Goma ampandishie Bénit sauti. Lakini furaha haina macho. Kishale hakikuvuka, na alipobonyeza ikafunguka spika ya Butembo. Sauti ya mzee Stanislas, baba mdogo wa Bénit, ikajaa sebule.

"Mbuzi yote balishabeba, mu njia ya Lubero. Tubaambie nini hawa bantu? Tukate tu, tuseme rezo imepotea."

Wakikata na kusingizia mtandao, ndoa imekwenda. Kidole cha Jemima kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima, na hakukibonyeza. Waache wasikie, alijiambia. Hawa si waongo, wameibiwa.

Papa Damien, aliyewahi kurudisha posa nzima kwa ajili ya mbuzi mmoja kilema, akakohoa.

"Jemima."

Akatoka, kibodi kwapani, waya ukiburutika, kilemba upande. Stanislas alikuwa ameganda. Alishajua wamesikia: sebule nzima ilikuwa inamkodolea macho. Bénit alijifunika uso.

Baba akamuuliza binti swali ambalo kila binti huulizwa siku hiyo kabla mahari haijapokelewa.

"Mwana wangu, tukule mbuzi ya hawa bantu?"

"Tukule, papa. Tukule yote."

Papa Damien akatoa leso, akapangusa mdomo polepole, kama mtu aliyeshiba.