Moto Aliopewa Bibiane

Habari ilimfikia Gertrude bombani, tena kutoka kwa Adèle, jirani ambaye hakuwahi kubeba ndoo ya maji bila kubeba na umbea juu yake. Adèle alisema amemwona Bibiane, yule mshonaji, akipita kwenye kizuizi cha njia ya soko, mahali ambapo watu wa upande wake walikuwa wakishushwa na wasionekane tena. Walimsimamisha, akatoa karatasi, wakaisoma, wakamwacha apite. Karatasi ilisema ni mke wa Lambert.

"Lambert gani?" Gertrude akauliza.

"Weye unajua ba-Lambert ngapi wenye mashini ya kuandika?"

Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakamlowesha miguu, naye hakusikia baridi wala maji. Alijitwisha na kwenda zake bila kuaga.

Mwaka ule wa 2002 mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umebadilisha mabwana wa vita kwa mara nyingine, na kila bwana mpya alikuja na vizuizi vyake na mihuri yake. Swali kizuizini lilikuwa moja tu: weye mutu ya wapi? Ukijibu vibaya, umekwisha. Watu wa Mambasa, kama Lambert na Gertrude, hawakuwa na upande katika ugomvi ule wa makabila, kwa hiyo jina lao liliwapitisha popote. Bibiane hakuwa na bahati hiyo. Watu wa kwao walikuwa ndio wanaotafutwa.

Lambert, mume wa Gertrude, alikuwa na mashini yake ya kuandika kwenye baraza moja karibu na soko. Aliwaandikia watu maombi, barua na karatasi za vitambulisho vilivyopotea, kazi halali kabisa. Baraza hiyo aligawana na Bibiane. Cherehani ililia upande huu, mashini ikalia upande ule, na wenyewe wawili wakacheka katikati. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kila mchana Gertrude alipopeleka chakula alisikia kile kicheko kabla hajakunja kona, na kila alipotokea kikakatika. Sasa niambieni, kicheko kinachokatika mwenye mume akifika, kina kitu gani ndani yake?

Bibiane angekuwa mzuri ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa mwembamba kama mti wa uzio, ana pengo mbele, kitambaa chake cha kichwa kimefifia. Mwanaume anafuata nini hapo? Lazima ni kitu kisichoonekana kwa macho, na Gertrude, aliyekuwa na mwili wake mzuri na mapishi yake mazuri, hakujua atashindana nacho vipi. Jambo hilo lilimla ndani muda mrefu kabla ya karatasi.

Jioni ile alimwandalia Lambert bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaketi mbele yake kwenye kiti cha pili, akamwuliza kama kuna karatasi aliyompa Bibiane.

"Karatasi gani?" Lambert akasema, akaendelea kumega.

Lambert alikuwa mjinga kwa namna ya wanaume wema, aliamini kwamba jambo asiloambiwa mke halitamuumiza. Angesema tu kwamba walitaka kumwua yule mwanamke na hakuona njia nyingine, Gertrude angepiga kelele siku mbili, angemnunia wiki nzima, kisha angenyamaza. Lakini alidanganya, tena alidanganya huku akitafuna, na Gertrude akamtazama akila chakula chake yeye na uongo mdomoni, akasema moyoni: basi ni kweli.

Asubuhi alivaa kikwembe chake cha kanisani, akaenda kwa Rodrigue.

Rodrigue alikuwa kijana aliyeanza kusoma sheria Kisangani na hakumaliza. Mabwana wapya walimpa chumba, meza, na kitabu cha sheria za adhabu kilichokuwa kimenyofolewa jalada, wakamwita hakimu. Mambo ya watu kuuawa hakuyagusa, maana waliompa kiti ndio waliokuwa wakiua. Mambo ya karatasi aliyapenda mno. Humo alijiona hakimu kweli.

Gertrude alimweleza kwamba aliolewa kanisani, peke yake, kwamba mumewe hana mke mwingine, na kwamba karatasi anayotembea nayo Bibiane ni ya uongo. Mbele ya macho yake aliiona ile karatasi ikichanwa vipande viwili na Bibiane akienda kuomba jina kwa mume wa mtu mwingine. Zaidi ya hapo hakuona kitu. Kizuizi hakukiona, bunduki hakuziona, wivu ulikuwa umemfunika uso kama shuka.

Rodrigue alifurahi. Alifungua kitabu, akaweka kidole mahali, akamweleza kwa upole kama mwalimu. Anayeandika karatasi ya uongo kwa nia ya kudanganya au ya kuumiza mtu, sheria inamfunga, na kifungo chaweza kufika miaka mitano. Na anayeitumia huku akijua ni ya uongo, sheria inamhesabu sawa na aliyeiandika.

"Basi iko watu wawili, mama," akasema. "Ule aliandika na ule anatumia."

Gertrude alisema hakuja kwa ajili ya mumewe, alikuja kwa ajili ya mwanamke tu. Rodrigue akamjibu kwamba sheria haifanyi kazi kama sokoni, mtu kuchagua fungu moja na kuacha jingine. Walinzi wawili walikuwa wamekwisha toka.

Waliwaleta kabla jua halijawa kali. Lambert alikuwa ameibeba mashini yake kifuani, na Bibiane alikuwa na kiatu kimoja. Waliwasimamisha mbele ya meza. Muhuri nao uliletwa, ule ambao Lambert aliuchonga kwa wembe kwenye soli ya sandali kuukuu, kazi safi hata Rodrigue akaugeuza geuza kwa heshima. Kisha akasema, bila haraka, kwamba malalamiko yameletwa na mama huyu.

Lambert akamgeukia mkewe. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Gertrude. Alimtazama kama mtu anayesoma barua ambayo hakuitegemea.

Rodrigue alisema mambo yatakwenda hivi: kama karatasi ni ya uongo, Lambert ataingia gerezani, na mwanamke, kwa kuwa hana mume wa jina hilo, atakabidhiwa kwa wale wa kizuizini ili wamrudishe kwao. Mmoja wa walinzi mlangoni alitabasamu. Hakuna aliyekuwa chumbani humo ambaye hakujua kwao maana yake nini wakati ule, na Gertrude akajua pia kwamba ni kuuawa.

"Karatasi iko kweli," Lambert akasema. "Ni bibi yangu."

Alilisema upesi, kwa sauti ambayo Gertrude hakuisikia tangu siku za uchumba. Wivu ukamrudia palepale, mzima mzima, hata huruma iliyokuwa imeanza kuchipua ikakauka. Akafungua mdomo ili arudie yote aliyosema asubuhi. Bibiane akamtangulia.

"Hapana, chefu," Bibiane akasema. "Papa Lambert hana kosa. Ni mimi nilimulazimisha. Yaya Gertrude anasema kweli. Muache papa, mi nitaenda nao."

Gertrude akamtazama Lambert, kisha Bibiane. Huyu alisema uongo ili amwokoe yule, na yule akakubali kufa ili amwokoe huyu, na yeye, mke wa ndoa, alikuwa ndiye pekee mwenye ukweli, na ukweli wake haukumfaa mtu. Kisha akaliona jambo ambalo lilimkata kuliko kicheko chochote. Mwanamke huyu akitoka kwa mlango ule, atakuwa amekufa kwa ajili ya Lambert. Lambert atamkumbuka akila, atamkumbuka akilala, atazeeka naye. Bibiane aliye hai ana pengo na kitambaa kilichofifia, mtu anaweza kupambana naye. Bibiane aliyekufa hatashindwa kamwe.

Watu walisema baadaye kwamba Gertrude alikuwa na moyo mkubwa. Waacheni waseme. Ulikuwa wivu uleule, umegeuka upande wa pili.

"Chefu, asubui nilidanganya," akasema. "Iko mbanda yangu, muke mwenzangu. Nilikuwa na wivu tu."

Rodrigue alikunja uso. Alimwonya kwamba kumdanganya hakimu nako ni kosa, kisha akataka ushahidi. Na hapo Gertrude, aliyekuwa akiongea bila kufikiri, akatoa kitu cha kwao.

"Siye kwetu, muke mudogo anapewa moto na muke mukubwa, kwa mafiga yake mwenyewe. Bila ule moto, hayuko muke. Mimi nilimunyima, ndiyo matata yote. Leo nitamupa mbele yenu. Na muke mukubwa akishatoa moto, kisha anasema alidanganya, ni yeye anatoka ku nyumba. Si ule mudogo."

Lambert alishtuka, maana alijua kwamba desturi hiyo katika ukoo wao haikuwa ya mchezo. Rodrigue alifikiri kidogo, akafunga kitabu. Mwanamke hawezi kuweka ndoa yake rehani kwa ajili ya uongo, alisema, akachukua kofia yake ili akaone kwa macho.

Basi wakaenda wote, Rodrigue mbele, walinzi nyuma, na majirani wakatoka kwenye nyua zao. Gertrude aliinama kwenye mafiga yake ambako maharagwe yalikuwa yakichemka tangu asubuhi, akatia makaa kwenye kigae, akasimama. Bibiane alipiga magoti, akayapokea, na machozi yakamdondoka juu ya makaa yakachachatika. Adèle akapiga vigelegele, maana huyo hakosi pahali. Bibiane aliwasha moto wake nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuni, na Rodrigue akaipiga ile karatasi ya Bibiane muhuri wake yeye, muhuri wa kweli, juu ya ule wa sandali.

Ilibidi Bibiane akae palepale, kwa sababu walinzi walikuwa wakipita kuchungulia kama moshi wa mke mdogo unatoka. Ukatoka kila siku. Lambert hakulala kibandani hata mara moja. Gertrude alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa halali, akimsikiliza mumewe anavyopumua. Lambert alimsemesha mambo ya nyumba tu, chumvi imekwisha, bati linavuja. Juu ya asubuhi ile hakusema neno, wala yeye na Bibiane hawakucheka tena. Barazani zilisikika mashini na cherehani tu, na Gertrude akajiambia kwamba hiyo ni afueni.

Mwaka uliofuata askari wa kigeni walifika, vizuizi vikaondolewa mjini, na Rodrigue akatoweka na kitabu chake. Jioni moja Lambert aliitoa karatasi, akaichana mbele ya mkewe, akavitia vipande motoni. Gertrude alihisi mzigo ukimtoka mabegani. Alifurahi hata akampelekea Bibiane sahani ya maharagwe, akijua kwamba karibu atamwona akifunga virago.

Lakini kabla ya virago akafika Ambroise, baba mdogo wa Lambert, kutoka Mambasa, na kuku mkononi, zawadi ya ukoo kwa mke mpya. Ukoo wote ulikuwa umesikia habari ya moto. Gertrude alicheka, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba ilikuwa ni mambo ya vita tu, na karatasi imekwisha chanwa.

"Karatasi mi siulizi," Ambroise akasema. "Nauliza moto. Nani alimupa?"

Gertrude akamtazama mumewe. Lambert alikuwa anaweza kulimaliza kwa maneno machache, kwamba mtu alikuwa afe na wote walidanganya. Bibiane alikuwa amesimama kando ya ukuta, macho chini.

"Lambert, sema."

"Mi nilipasula karatasi yangu," Lambert akasema. "Yako, pasula weye."

Ambroise aliuliza tena, safari hii polepole, kama alitoa moto ule kwa kweli au kwa kudanganya. Gertrude aliijua njia ya kila jibu inaishia wapi. Akisema alidanganya, atarudi kwa baba yake na mafiga yake kichwani, na Bibiane atabaki ndani ya uzio huu bila karatasi yoyote. Alitamani kulia, alitamani kumrukia mtu, hakujua nani.

"Nilimupa kweli," akasema.

Ambroise akamkabidhi kuku, kama ilivyo haki ya mke mkubwa kuwapikia siku hiyo. Gertrude akaingia jikoni, akamchinja, akamnyonyoa, akatia sufuria mekoni. Kupitia ukutani akamsikia baba mdogo akisimulia kitu cha Mambasa, kisha akakisikia kile kicheko cha barazani, cha watu wawili, cha chini chini, ambacho hakukisikia mwaka mzima. Akajifuta uso kwa upindo wa kikwembe, akapakua, akatoka na sinia. Safari hii kicheko hakikukatika.