Paka wa Gurudumu la Kushoto

Gari likianza kukuvuta upande mmoja, usiseme litaacha lenyewe. Haliachi. Wewe ndiye utakayeacha kuona, na hapo ndipo balaa linapovuta kiti na kukaa. Anayebisha na asikilize yaliyoikuta nyumba ya fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye akili zake timamu, yeye na mkewe na binti yao.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Polepole. Tangu mumewe anunue gari, neno lake lilikuwa hilo moja. Akipanda tu, mlango haujafungwa, "Polepole, baba watoto." Gari limesimama kupisha mbuzi, "Polepole." Mumewe naye alikuwa na jibu lake, halichakai: "Nikienda polepole kuliko hivi, mama, tutafika jana."

Lilikuwa gari dogo jeupe, la zamani, na fundi cherehani alilipenda kama mkwe mwenye adabu. Hakulipeleka gereji ila kubadilishiwa oili, maana msimamo wake ulikuwa mmoja: gari linalowaka haliumwi. Humo ndimo alimomfundishia binti yake kuendesha. Siku ya kwanza alimwambia, "Usukani ni kama mkono wa mtoto mtundu sokoni. Ukilegeza tu, huyo, keshakuponyoka kushoto. Wewe kaza kulia kidogo, muda wote. Udereva ndio huo." Binti akakaza. Baada ya muda alikuwa akinyoosha njia kama mshono wa baba yake, na baba akawa anatembea mtaani kifua mbele.

Sasa, kulikuwa na shule ya watoto wadogo iliyotaka dereva wa gari la wanafunzi. Mwalimu mkuu alimpenda binti yule kwa upole wake, kilichobaki ni leseni tu. Binti akaenda kufanya mtihani katika gari la watahini, baba akamsindikiza kwa mluzi, mama kwa dua. Saa si nyingi akarudi, viatu mkononi, macho mekundu.

"Nimefeli, mama."

"Wamekuonea!"

"Hawajanionea. Nilikuwa nakwenda kulia. Njia nyeupe, mbele hamna kitu, mimi huyo, kulia, kwa wanaokuja. Mtahini kanishikia usukani, kanirudisha. Nikaenda tena. Mwishowe kaniuliza kama nina ugomvi na watu wa upande ule."

Baba akacheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. "Woga tu huo. Na kazi?"

"Mwalimu mkuu atanisubiri mpaka Ijumaa, ndiyo siku ya kurudia. Nikifeli tena anamchukua mwingine. Anao, wamejipanga."

Usiku ule Mama Polepole hakulala vizuri, na asilale kwa nini? Alikuwa na hofu mbili zinazopigana kifuani mwake. Ya kwanza, mtoto atafeli tena na kazi itamponyoka. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: mtoto atafaulu. Atafaulu, atapewa gari limejaa watoto wa watu na vichupa vyao vya maji shingoni, halafu mkono wake umpeleke kulia kwenye malori. Akitaka kumwombea afaulu, ulimi unasita. Akitaka kumwombea afeli, ni mama gani huyo? Basi akaomba tu, "Mungu, wewe unajua," akageukia ukutani.

Asubuhi akaanza na dawa anayoijua. Karoti. Alisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wao wa afya aliwaambia karoti ni macho. Binti akapewa karoti za kuchemsha, akapewa mbichi, akapewa zilizokunwa.

"Mama, nitageuka sungura."

"Sungura hajawahi kugonga mtu. Kula."

Karoti hazikusaidia. Aliyesaidia, tena kwa makosa, ni jirani yao fundi wa magari, waliyemwita Kelele. Mtu huyu hakuwa na sauti ya ndani. Akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanakupa pole. Alikuja na pikapu yake akamchukua binti wakafanye mazoezi, na hawakufika mbali.

"Shemeji!" alipiga kelele akirudi, ingawa Mama Polepole alikuwa amesimama mbele yake. "Mwanao ana mkono mzuri, gia anapanga kama anapanga vyombo. Lakini anakwenda kulia kama kuna mtu anamwita! Mzee, hebu nipe ufunguo wa gari lako, nimkalishe pembeni aone dereva anavyonyoosha njia."

Fundi cherehani akatoa ufunguo. Kelele akaingia, binti pembeni, akaondoa gari kwa mbwembwe, mkono mmoja dirishani. Hawakumaliza hata nyumba ya tatu. Gari likainama kushoto taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa, likapanda lundo la mchanga wa jirani anayejenga, likatulia pale pua juu.

Hata Kelele alinyamaza, na hilo watu bado wanalisimulia.

"Mzee," akasema hatimaye, akishuka na mchanga kwenye viatu, "gari lako lilikuwa linakwenda wapi?"

"Linakwenda linakopelekwa," fundi cherehani akajibu kwa hasira. "Umeshika usukani kwa mkono mmoja kama umeshika kikombe. Toka nikuonyeshe."

Wakalishusha. Fundi cherehani akakaa, Kelele akakaa kando yake, mama na binti wakajibana nyuma, "polepole" ikasemwa, safari ikaanza. Na kweli, gari likaenda kama uzi. Fundi cherehani akamtupia Kelele jicho la ushindi. Lakini Kelele hakuwa anaangalia barabara. Alikuwa anaangalia mikono ya mzee, na bega lake la kushoto lilivyopanda juu likagoma kushuka. Bega hilo Mama Polepole alilijua vizuri: kila jioni alilikanda kwa mafuta, na mumewe alisema ni cherehani.

"Mzee, nenda kule uwanja wa mpira. Hamna mtu wala shimo. Ukifika katikati, legeza mikono kidogo tu, isitoke kwenye usukani."

Mzee akalegeza. Gari likaaga, likaelekea kushoto.

"Ni barabara," mzee akasema. "Barabara zote zimeinamia kushoto ili maji yaingie mtaroni."

"Hapa ni uwanjani, mzee. Haya, geuka, turudi tulikotoka. Kama ni ardhi imeinama, sasa litavuta kulia."

Wakageuka. Likavuta kushoto.

Nyuma kule Mama Polepole alimtazama binti yake, binti naye akamtazama, na wote wawili wakaelewa kwa pamoja. Mtoto hakuwa na ugonjwa wa macho. Alifundishwa udereva na gari gonjwa, akajifunza ugonjwa wake kama sala. Kukaza kulia, muda wote. Ukimpa gari zima, anakaza vilevile, na gari zima linamtii.

"Karoti zangu zote zile," binti akasema.

"Zitakufaa uzeeni," mama akamjibu.

Walirudi nyumbani, Kelele akakunja mikono ya shati. Kwanza upepo. Akapima magurudumu yote kwa kipimo chake: sawa. "Gurudumu lenye upepo mdogo linaburuta," akawaeleza watu wote wa mtaa, waliouliza na wasiouliza. Akapiga jeki, akahamisha gurudumu la mbele la kushoto akaliweka kulia, la kulia akaliweka kushoto. "Kama tairi ndiyo mbaya, ugonjwa utahama nayo. Sasa litavuta kulia." Wakaenda uwanjani. Likavuta kushoto, tena kwa moyo mkunjufu.

Kelele akajikuna kichwa. "Basi ni mkao wa magurudumu yenyewe. Hayatazamani sawa. Hilo linataka mashine, na wenye mashine wana foleni. Wiki ijayo labda."

"Ijumaa ni keshokutwa," binti akasema polepole.

Mama Polepole akainuka kwenda kuleta chai, kwa kuwa ndivyo alivyofanya akitaka kulia bila kuonekana. Aliporudi na sinia, akasimama. Paka wao, yule wa kijivu mwenye kiburi, alikuwa ameshajikunja chini ya gari, mgongo ameuegemeza karibu na gurudumu la mbele, la kushoto, macho amefumba kwa raha. Kama kila siku. Gari likirudi tu, huyo anakwenda. Mama alimfukuza kwa ufagio miezi na miezi, akiogopa atakanyagwa.

"Kelele," akasema, "magurudumu umeyabadilisha, si ndiyo?"

"Nimeyabadilisha, shemeji. Umeniona."

"Sasa mbona paka hajabadilisha?"

Mumewe akaguna. "Mama, tuko kwenye mambo ya maana."

"Sikia kwanza! Gurudumu la kulia paka huyu hajawahi kulilalia. La nyuma hajawahi. Ni hapo hapo tu, na ni gari likirudi tu. Likishinda limesimama, hendi. Paka hapendi gari, baba watoto. Paka anapenda joto."

Kelele aliweka kikombe chini hata hakukinywa. Akamsogeza paka, akapeleka mgongo wa mkono karibu na chuma cha gurudumu, bila kugusa, akaurudisha haraka. Akazunguka kulia, akafanya vilevile, akauacha mkono pale. Akarudi kushoto na maji ya kunawia, akanyunyiza. Chwiii!

"Jiko!" akapiga kelele, na safari hii mtaa mzima ulikuwa na haki ya kusikia. "Hili ni jiko, si gurudumu! Breki haiachii!"

Akalipiga jeki upande wa kulia, akalisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka vizuri. Akahamia kushoto. Alisukuma kwa mkono, kwa mikono miwili, likajivuta kama mtoto asiyetaka shule. Alipofungua, akawaonyesha: kile chuma kinachobana breki kilikuwa kimeshikwa na kutu. Ukikanyaga kinabana, ukiachia kinaendelea kubana. Upande wa kulia magurudumu yanakwenda, kushoto yanashikwa shati, basi gari zima linazungukia kule. Breki upande ule ilikuwa imelika mpaka imebaki nyembamba kama kucha.

"Mzee, hapa ungeteremka mlima mmoja mrefu," Kelele akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "mlima mmoja tu."

Fundi cherehani alikiinamia kile chuma. "Cherehani ikivuta kitambaa upande," akasema, "sishoni hata sentimita moja. Nafungua nione. Sasa hili nimelivumilia kwa nini?"

"Kwa sababu kitambaa hukukipenda kama gari hili," mkewe akamwambia, akampa chai.

Jioni ile Kelele alikisafisha kile chuma kutu yote, akabadilisha mipira yake midogo ya ndani na breki za pande zote mbili, akatembeza gari uwanjani, akaachia usukani kidogo. Likanyooka. Mzee akadai naye ajaribu. Akaondoka kwa heshima zote, akakaza kulia kama kawaida yake, akang'oa ua wa bustani ya nyanya ya mama mmoja upande wa pili wa njia. Binti alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi nzima baba na binti walikuwa uwanjani wakijifunza upya, mmoja akiendesha, mwingine akipiga kelele, "Legeza! Legeza bega!" Mama Polepole alikaa kwenye jiwe akiwaangalia, na kwa mara ya kwanza alijua aombe nini.

Ijumaa hakumsindikiza binti. Alikaa mlangoni na mchele ambao aliupembua mpaka ukabaki bila hata chuya. Mchana akaona gari dogo jeupe likiingia mtaani, binti ndiye anaendesha, baba pembeni. Lilikuja katikati ya upande wake, haliendi huku wala kule, likapita lundo la mchanga bila hata kulisalimia. Na kabla halijasimama, karatasi ya leseni ilikuwa imeshatolewa dirishani ikipepea.

"Mtahini kaniuliza kama nimepatana na wale watu!" binti akapiga kelele.

Mama alimkumbatia, akamwambia maneno ambayo hata wewe msomaji uyashike: ukiwabeba watoto wa watu, kila asubuhi legeza mikono mahali pa wazi uone gari linataka kwenda wapi. Likivuta, usilizoee. Na ukishuka, sogeza mkono karibu na magurudumu, usiguse, usikie lipi lina homa.

Paka alikuja, akanusa kushoto, akanusa kulia, akawatazama wote kwa dharau, akaenda zake jikoni.

Jumapili waliwatembelea ndugu. Njiani mzee akauliza, "Mama, nimekuudhi?"

"Kwa nini?"

"Zamani tukienda safari ulikuwa unanilalia begani njia nzima. Leo umekaa wima."

Zamani yote hiyo Mama Polepole alikuwa akiukimbia mtaro wa kushoto, upande wake, ambako gari lilivutia. Sasa alitazama lile bega la mumewe, limeshuka, limetulia. Akalilalia.

"Polepole, baba watoto," akasema.