Mita Kumi na Nane za Waya

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Régina alifungua kabati la nyaya katika ofisi ya mitambo ya kiwanda cha dhahabu karibu na Lusangi, akabana kijisanduku cha kijivu kwenye reli, kisha akakaza skrubu nne. Kijisanduku hicho kilikuwa kitenganishi cha ishara. Kwa miezi miwili kipimo cha bwawa la tope kilikuwa kikirukaruka kila pampu kubwa ilipowaka, na radi moja ilikuwa imeunguza kadi mbili za mtambo. Tangu asubuhi ile waya wa bwawani uliishia upande mmoja wa kijisanduku, na waya wa ofisini ulianzia upande wa pili. Katikati nyaya hizo hazikugusana. Habari ilipita, radi ilibaki nje.

Kitenganishi hicho hakikuwa na umeme wake. Kiliishi kwa ule umeme mwembamba uliokuwa ukileta habari yenyewe, unaotumwa na kipimo cha bwawani chenye paneli yake ndogo ya umeme wa jua: miliampea nne bwawa likiwa tupu, ishirini likijaa pomoni. Umeme ukifika kumi na nne, pampu huwaka zenyewe na kuyavuta maji kuyapeleka bwawa la pili. Zisipowaka, ukuta wa udongo hauwezi kuhimili, na chini ya ukuta ule kuna kijiji. Mama yake Régina, Mama Emilienne, alikuwa na nyumba huko, ya nne ukitoka kwenye kijito.

Ijumaa mlinzi alipiga simu kwamba wezi wamekata waya bwawani, mita kumi na nane, wamekwenda nao. Régina alitazama kioo cha namba ofisini. Kilisoma kumi na mbili na nusu. Alilegeza skrubu moja, namba ikashuka hadi sifuri. Akaikaza, ikarudi kumi na mbili na nusu. Alimwomba mlinzi asome alama za nguzo iliyosimamishwa majini. Zililingana. Kijisanduku kisicho na umeme wake hakiwezi kutunga habari; kama kinasoma, basi yuko anayekiletea. Régina alichukua bisibisi na koleo, akapanda pikipiki.

Kando ya bwawa, pale waya ulipokatwa, walisimama wanaume ishirini na wawili katika safu mbili, wameshikana mikono, tope limewakauka hadi kwenye nyusi. Mtu wa mwisho wa kila safu alishika ncha ya waya inayotoka kwenye kipimo. Wa mwanzo alishika ncha inayokwenda ofisini. Safu moja ilipeleka umeme na nyingine iliurudisha, kwa kuwa umeme ni msafiri asiyekubali kwenda asirudi. Walikuwa wameacha nafasi ya hatua mbili kati ya safu na safu, zisije zikagusana. Régina aliona kwamba kazi imefanywa vizuri.

Wa saba katika safu ya pili alikuwa Espoir, mdogo wake, katika fulana ya kijani aliyoivaa siku alipotoka nyumbani.

Ilikuwa imepita miaka miwili. Kampuni ilipotaka bwawa, ilifungulia maji ya mto kwenye mashimo ya zamani ambamo wachimbaji wadogo walikuwa bado wanafanya kazi. Ripoti ilisema wamekufa watu watatu. Wengine, karani aliwaeleza wazazi, walikuwa wamehamia Misisi kufuata dhahabu mpya, na vijana wa machimbo ndivyo walivyo, hawaagi. Tangu hapo Mama Emilienne alikuwa akienda kuchaji simu yake kwa jirani kila Jumatatu na kila Alhamisi.

"Mama anasema haupigi simu," Régina alisema.

"Yaya, dada yangu, sikufika Misisi." Mikono yake ilikuwa na kazi, akaonyesha maji kwa kidevu. "Maji ilitukuta mule ndani, sisi wote. Uhesabu."

Régina alihesabu, ingawa alikwisha kuona. Akamuuliza habari ya waya. Espoir alieleza kwamba waliwasikia wezi wakikata juu yao, wakashauriana huko chini. "Tukasema, pompi ikikosa kuwaka, maji itashuka kwa wamama. Basi tukapanda."

Hawakuwa na madai mengi. Waliomba tu majina yao yaandikwe.

Bwana Zéphirin, mkurugenzi, alifika alasiri akiwa na mabuti safi. Alitembea kando ya safu ya kwanza hadi mwisho, akarudi kwa safu ya pili, akauliza kama usomaji ni sahihi. Régina alijibu kuwa ni sahihi kuliko wakati wa waya. Mkurugenzi alifurahi. Alisema kwamba waya mpya ungetoka Bukavu na kuchukua wiki sita, na sasa hakuna haja tena ya kuuagiza.

"Bwana Diriktere," Régina alisema, "watu iko hapa makumi mbili na mbili. Ripoti inasema watatu."

"Ripoti ilishafungwa, Régina. Iko na muhuri." Alikuwa anatazama namba kwenye simu yake. "Weye andika katika kitabu cha matengenezo kwamba kipimo kinatumika."

Aliwaaga wafu kwa heshima, akawaambia wajikaze, akaondoka.

Régina aliandika. Alipita kwa kila mmoja na kitabu cha matengenezo akaandika jina, jina la baba, na kijiji: kuna waliotoka Kabambare, kuna waliotoka Walungu na Shabunda, mmoja alitoka Nyangwe. Zilijaa kurasa mbili. Nakala iliyopigwa chapa na kupelekwa makao makuu ilikuwa na mstari mmoja: waya, matengenezo ya muda, kipimo, kizuri. Wiki mbili baadaye alikuja mkaguzi kutoka mjini. Alipita katikati ya safu mbili akijibana mabega ili asikate mawasiliano, akamwomba radhi mmoja aliyemkanyaga, akatia sahihi. Katika ripoti yake mpya, idadi ya waliokufa ilikuwa watatu.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilianza. Namba ilipanda hadi kumi na nne, pampu zikawaka, ikashuka, ikapanda tena. Kijijini watu waliendelea kupalilia mihogo. Lakini Régina, aliyekuwa akienda bwawani kila mchana, aliona mabega ya wale watu yanaanza kulegea. Kufa hakumwondolei mtu uchovu wa mkono ulionyooshwa. Jumapili baada ya misa alimweleza mama yake mambo yote, kuanzia kwenye shimo.

Mama Emilienne alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza ni wa ngapi katika safu. Kisha alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akaiacha simu mezani.

Alipofika bwawani alihesabu safu ya pili hadi wa saba, akasimama mbele ya mwanawe.

"Uko na baridi?"

"Hapana, mama. Tope inachunga joto."

"Leta nafasi. Weye ukae kwanza."

Régina alimwelekeza namna ya kufanya. Mama Emilienne alimshika kwanza wa sita kwa mkono wa kushoto, akamshika wa nane kwa mkono wa kulia, ndipo Espoir akaachia. Ofisini hakuna kilichobadilika. Umeme ulimpita mama yule kama siafu wanaotembea ndani ya mikono, akakunja uso kidogo, akanyoosha mgongo. Espoir alikaa chini kwenye majani, akajisugua mabega, akalala papo hapo na kichwa chake kwenye miguu ya mama yake.

Manyunyu yalianza. Mama Emilienne alimgeukia kijana wa nane aliyemshika mkono wa kulia.

"Na weye uko mutoto wa nani?"

"Wa Mama Louise, wa Kabambare."

"Louise wa sokoni? Yule wa mafuta ya mawese?"

"Ni yeye."

"Namujua," alisema Mama Emilienne. "Kesho naye atakuja."